Bodi ya Pac-Man inajiwasha upya bila kukoma, skrini imejaa herufi

Kigoda80:
Wakuu, habari zenu. Naombeni msaada. Nina bodi ya Pac-Man, ile ya 1980 yenye chipu kuu (prosesa) ya Z80. Gemu hii niliicheza utotoni nikiwa nimesimama juu ya kigoda ili niifikie fimbo, kwa hiyo sitaki kabisa kuitupa.

Nikiwasha, skrini inajaa herufi, tarakimu na vipande vya kuta, vyote vimetapakaa ovyo. Kufumba na kufumbua vinabadilika, halafu vinabadilika tena. Sauti hakuna. Z80 nimeshabadilisha. Chipu nne za programu nimezichomoa, nikazisafisha miguu na kuzirudisha. Umeme upo: transfoma inatoa volti 7 za AC kama inavyotakiwa. Nielekee wapi?

Waya_Mwekundu:
Hizo ni RAM mkuu, chipu za kumbukumbu. Ng'oa 2114 zote, ndizo hizo RAM, uweke mpya, utalala usingizi.

MzeeLehemu:
Kigoda80, using'oe kitu bado. Bodi za umri huo njia zake za shaba zinabanduka haraka ukizipa joto jingi, na nimeona bodi nzima zikifa kwa ajili ya chipu ambazo hazikuwa na kosa.

Tazama kwanza skrini inakwambia nini. Herufi zinasomeka? Basi chipu ya picha iliyoko nafasi ya 5E kwenye bodi inafanya kazi, na upande wa video uko hai. Kinachokosekana ni mtu wa kuzipanga, yaani Z80 haifiki mbali. Na huko kubadilika-badilika ni saketi ya mlinzi: kuna kaunta inayohesabu fremu, yaani picha za skrini, na programu isipoigusa kabla ya fremu 16 kwisha, ambazo ni kama robo sekunde, inairudisha Z80 mwanzo. Mlinzi mwenyewe ni mzima. Anapiga kelele kwa sababu kuna jambo.

Sasa umeme. Volti 7 ulizipima kwenye transfoma, lakini bodi hii hugeuza AC kuwa volti 5 za DC yenyewe, juu yake. Weka mita kwenye mguu wa 11 wa Z80, unaopokea hizo volti 5, hasi kwenye mguu wa 29, mashine ikiwa imewaka. Ikiwa chini ya 4.75, usihangaike na RAM. Kisha hapo hapo geuza mita iwe AC. Ukiona sehemu kubwa ya volti moja, kapasita kubwa ya kuchuja imekauka. Na mikono iwe mbali na nyuma ya skrini, kule kuna maelfu ya volti.

Kigoda80:
Mzee, shikamoo. Mguu wa 11 unasoma 4.41! Upande wa AC ni kidogo sana, karibu na sifuri. Nikachomoa kiunganishi cha pini 44: meno mawili ya bodi yamekuwa ya kahawia, na plastiki ya upande wa waya imeungua.

MzeeLehemu:
Marahaba. Umeshampata. Umeme wote wa bodi unapita kwenye meno machache pale. Jino likishika kutu kidogo linaleta ukinzani, ukinzani unaleta joto, joto linaongeza kutu.

Kusugua peke yake hakutoshi, maana vibano vya ndani vya kiunganishi vimeshalegea kwa joto. Badilisha kiunganishi chote, uunge waya mmoja mmoja huku ukiandika namba yake. Meno ya bodi yasafishe kwa spiriti na kifutio laini, kisha yaliyoungua yapake lehemu nyembamba, iliyo sawa. Ikiwa nene itatanua vibano vipya.

Waya_Mwekundu:
Nakubali, niliharakisha. Nami bodi yangu ya Galaga nitaipima hivyo hivyo kabla ya kushika chuma cha kulehemu.

Kigoda80:
Nimerudi. Kiunganishi kipya, mguu wa 11 sasa ni 5.02. Gemu limewaka mara ya kwanza! Ila kulikuwa na tarakimu ngeni zinazocheza kwenye kuta. Nikapapasa 2114 kwa kidole, moja ilikuwa ya moto kuliko wenzake wote. Hiyo ndiyo niliyoibadilisha, hiyo moja tu, na nimeiwekea soketi. Nikabonyeza swichi ya majaribio, skrini ikaandika MEMORY OK.

Imewaka tangu saa nne asubuhi. Mwanangu yuko juu ya kigoda.