Moyo wa kutokata tamaa mtu anaupata wapi? Mdogo wangu amekatwa mguu

dada_wa_tabata:
Habari zenu wadau. Mdogo wangu wa kiume alipata ajali ya bodaboda mwaka huu, mguu ukasagika ikabidi ukatwe chini ya goti. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, kijana wa kazi hasa, sasa hivi anashinda ndani, pazia hafungui, simu kazima. Ndugu wanakuja na maneno yao, jikaze wewe mwanaume, Mungu ana makusudi yake, mbona fulani hana mikono na anachora, akisikia hivyo anageukia ukutani hata chai hanywi. Mimi nimeishiwa maneno. Naomba niulize, hawa watu tunaosikia walipitia makubwa wakasimama tena, ule moyo waliutoa wapi? Mtu anazaliwa nao au kuna kitu anaweza kufanyiwa mpaka ukaja?

mbulu_juu:
Pole sana dada. Kwetu Mbulu tumekua tukisimuliwa habari za mzee John Stephen Akhwari, mkimbiaji wa Tanzania kwenye marathoni ya Olimpiki Mexico City 1968. Mji ule uko juu kama mita 2,240, pumzi shida, kwenye kilomita ya 19 hivi wakagongana akaanguka, goti likateguka na bega likaumia. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2 na dakika 20, Akhwari akaingia uwanjani saa nzima na zaidi baadaye, giza limeshaingia, mguu umefungwa bandeji. Walianza watu 75 wakamaliza 57 na yeye ndiye wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kwenda kuanza mbio, ilimtuma akamalize.

Sasa hapo ndo wengi wanaishia, ila mimi napenda kuongeza kwamba siku hiyohiyo Abebe Bikila, aliyechukua dhahabu 1960 na 1964, aliacha njiani kwa sababu ya mguu, na hakuna mwenye akili atakayesema Bikila hakuwa na moyo. Mwaka uliofuata akapata ajali ya gari akapooza miguu, na 1970 akaenda Uingereza kwenye michezo ya Stoke Mandeville akashindana kurusha mishale akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwa hiyo mdogo wako kufunga pazia leo haimaanishi amekwisha, mwacheni alie kwanza.

mkimbiaji254:
Pole dadangu. Huku kwetu Kikuyu, Kenya, tuko na mkimbiaji Henry Wanyoike. 1995 alilala akiona vizuri, akaamka haoni, ilikuwa stroke, na alikuwa kijana wa miaka 20 hivi. Usidhani aliamka akaanza kukimbia, alikaa na giza lake miaka, akaenda Machakos kwa shule ya wasioona akafunzwa kufuma sweta kwa mashine, mbio zikaja pole pole baada ya watu kumshika mkono. Paralimpiki ya Sydney 2000 akashinda dhahabu ya mita 5,000, na mwenye alikuwa anamwongoza alikuwa mgonjwa akaishiwa nguvu wakikaribia kumaliza, ikabidi Wanyoike amvute yeye, juu sheria inataka wamalize pamoja na muongozaji asitangulie. Athens 2004 akachukua dhahabu mbili.

Ukiwaona wakikimbia utaelewa jibu lako. Wamefungana kakamba kafupi mkononi, hatua moja, mkono unarushwa pamoja, na yule wa pembeni anamwambia kona hii hapa. Kwa hivyo dada usitafute maneno ya kumwambia, tafuta mtu wa kushika ile kamba, na nadhani ni wewe.

fundi_redio_moro:
Mimi nimekatwa kama yeye, chini ya goti. Maneno ya watu yalinichosha sana, kilichoniinua ni jirani aliyeniletea redio mbovu kitandani akasema nitengenezee nina haraka nayo. Hakunihurumia, alikuwa na shida na redio yake kweli. Mletee kazi, hata ya kukadiria bei ya geti tu.

Halafu kuna mambo ya mwili ambayo yakiachwa moyo nao hausimami. Asilale na mto chini ya goti, wengi tunafanya hivyo kwa kutafuta nafuu, goti linakakamaa likiwa limekunjika na mguu wa bandia unakuwa shida kuvaa. Kisiki, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, kifungwe bandeji vizuri kipungue uvimbe. Akikwambia unyayo unawasha na unyayo haupo usimshangae, ni maumivu ya kweli, ubongo bado unautafuta mguu, amwambie daktari. Na ajue mapema kwamba kisiki kitaendelea kusinyaa miezi ya mwanzo, kwa hiyo mguu wa bandia wa kwanza utalegea ubadilishwe kikombe chake kinachoshika kisiki, asije akadhani ameshindwa yeye. Dar kuna hospitali ya CCBRT, Moshi kuna hospitali ya KCMC na pale ndo kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia.

dada_wa_tabata:
Mungu awabariki jamani nimelia. Mto anao, tena nilimuwekea mimi, nimeenda kuutoa amenuna lakini nimemueleza sababu akauliza nani kakwambia, nikamwambia kuna fundi redio wa Morogoro kakatwa kama wewe, akakaa kimya halafu akauliza huyo fundi anatembea? @fundi_redio_moro unaweza kuongea naye kwa simu? Na hapo CCBRT ni lazima barua ya rufaa au tunaenda tu?

fundi_redio_moro:
Natembea, na baiskeli naendesha. Mwambie awashe simu, namba nakutumia inbox. Barua ombeni hapo mlipotibiwa, mwende na karatasi zote za upasuaji.