MREJESHO: Fidia ya mama mkwe kisiwani

Habari zenu wakuu. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu mama mkwe wangu, anayehamishwa kwenye kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria kupisha mradi mkubwa. Alisaini karatasi ya uthamini, mwaka na miezi mitatu imepita, hela hakuna. Mkanishauri nitafute mthamini aliyesajiliwa. Nimempata hapahapa Moshi, na nawashukuru sana.

Swali lake la kwanza: Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinisha uthamini huo lini? Kumbe kwa sheria ya uthamini ya mwaka 2016, fidia inatakiwa kulipwa ndani ya miezi 6 tangu siku hiyo. Ikizidi hapo, inadaiwa na riba. Ikipita miaka 2 bila malipo, uthamini unafanywa upya.

Kisha akapitia karatasi mstari kwa mstari. Nyumba ipo, miembe ipo, posho ya usumbufu ipo, posho ya usafiri ipo. Posho ya makazi haipo kabisa! Hiyo ni kodi ya mwezi ya nyumba kama yake, mara miezi 36. Mjane anaambiwa ahame, halafu pesa ya kupanga imesahaulika. Iliniuma mno.

Barua ya madai imepokelewa wilayani Jumatatu, nakala yetu imegongwa muhuri.

Limebaki kaburi la baba mkwe. Makaburi yana sheria yake, ya mwaka 1969, nayo tunaifuatilia wiki hii. Mama akipiga simu, huanza kuulizia hilo kabla ya hela.