Saluni yangu ya kucha: wateja wanakuja mara moja hawarudi. Nishushe bei?

NuruYaMikono

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana nimefika mahali nalala nikihesabu siku zilizobaki kulipa kodi ya fremu.

Nina saluni ndogo ya kucha, huu mwezi wa nane tangu nifungue. Meza mbili, mimi na binti mmoja ninayemfundisha. Wateja wapya sikosi, wiki haipiti bila sura nne tano ngeni. Shida ni kwamba hawarudi. Juzi nilikaa na daftari: kati ya wateja 62 wa miezi miwili, waliokuja mara ya pili ni 11. Wengine nakutana nao njiani wana kucha mpya, wananisalimia vizuri kabisa, lakini kwangu hawaji.

Nafanya jeli zaidi (rangi inayokaushwa kwa taa), akriliki kidogo (kucha bandia za unga), na pedikyua. Mkono wangu ni mwepesi, jeli ya vidole vyote kumi namaliza kwa dakika 35. Nina mawazo mawili: nishushe bei kwa theluthi, au nikope hela nitangaze mitandaoni. Nyie mliotangulia kwenye kazi hii, mngefanya lipi?

Mpambanaji_M

Tangaza dada. Biashara ni kujulikana. Weka picha kila siku.

MezaYaKucha

Mpambanaji, kujulikana anajulikana tayari, watu 62 si haba. Akileta wengine 62 wakaondoka vilevile, atakuwa anatia maji kwenye pakacha.

Mtoa mada, hii kazi nimeifanya miaka mingi na nimewafundisha wengi. Kabla ya bei nijibu haya bila kuficha. Jeli zako zinakaa siku ngapi? Unaandaaje kucha, hatua kwa hatua? Taa yako na jeli zako ni za kampuni moja? Na kuondoa jeli ya zamani unaondoaje?

NuruYaMikono

Asante dada, najibu kwa ukweli.

Zinakaa wiki moja, kwa wengine siku nne zinaanza kuachia pembeni. Kuandaa: nasugua uso wa kucha kwa faili namba 100 mpaka mng'ao uishe kabisa, nakata ngozi ya kwenye mzizi kwa kikoleo, nafuta kwa asetoni, napaka beskoti ya chini, rangi mara mbili, na topkoti ya kufunika juu. Taa ni ya wati 48, niliinunua peke yake. Jeli nachanganya za kampuni tatu kutegemea rangi. Wateja wengine wanasema kucha zinaunguza ndani ya taa, nawaambia wavumilie kidogo. Kuondoa, ikiwa imeshaanza kuachia naisukuma kwa kijiti, inatoka yenyewe.

Kuna jambo jingine sijui kama linahusika. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wangu wa kulia vinawasha mwezi wa pili sasa, ngozi inakuwa ngumu na kupasuka ncha. Nimeona ni asetoni, napaka mafuta naendelea na kazi.

MezaYaKucha

Mdogo wangu, bei iweke pembeni kwanza. Nianze na hilo ulilolitaja mwisho, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote.

Jeli na akriliki zote ni za ukoo mmoja wa kemikali, akrilati. Zikishakauka vizuri hazina neno. Zikiwa bado mbichi zikagusa ngozi mara kwa mara, mwili unaweza kuzijengea mzio, na ukishazijua hausahau. Inayotajwa sana ni ile inayoandikwa HEMA kwenye kopo. Kuwashwa na kupasuka ncha za vidole vilevile unavyoshikia brashi na kufutia jeli iliyomwagika pembeni, mimi nimeyaona hayo kwa wenzangu wawili, na wote walisema ni asetoni. Mmoja alichelewa, leo hawezi kukaa chumba kimoja na mtu anayesaga akriliki bila macho kuvimba. Na kemikali za ukoo huohuo zinatumika kuziba meno na kushikizia viungo bandia vya nyonga, kwa hiyo mzio huu unaweza kukufuata mpaka hospitali miaka ijayo.

Nenda kwa daktari wa ngozi, mwombe kipimo cha mzio cha kubandika mgongoni, na mpelekee picha za maandishi ya kwenye makopo yako. Kuanzia leo usiguse jeli mbichi kwa mkono mtupu. Vaa glavu za nitrili. Za mpira wa kawaida akrilati zinapenya haraka, na hata nitrili zibadilishe kila mteja na mara moja zikichafuka. Binti unayemfundisha naye avae, usimrithishe.

Na kinachokuumiza wewe kinamuumiza mteja pia. Jeli ikigusa ngozi yake kwenye mzizi wa kucha kisha ukaiingiza kwenye taa, kwanza itaachia, kwa sababu ngozi ina mafuta na inasogea. Pili umemuwekea mbegu ya mzio. Acha nafasi nyembamba kama unene wa uzi kati ya jeli na ngozi. Ikigusa, toa mkono, futa kwa kijiti safi, ndipo uende kwenye taa. Umoja wa Ulaya wameamua jeli zenye HEMA zitumiwe na mafundi tu na kopo liwe na onyo, na kuanzia tarehe 1 Septemba 2025 wamepiga marufuku kabisa kiambato kingine cha kukaushia jeli kiitwacho TPO. Ukiagiza mzigo, soma kopo lote, usiishie kwenye rangi.

Sasa taa. Wati hazikuambii kama jeli imekauka. Kila jeli ina kiambato kinachoamshwa na mwanga wa urefu fulani wa mawimbi, na taa nyingi hutoa kati ya nanomita 365 na 405. Jeli ya kampuni hii ndani ya taa ya kampuni ile inaweza kung'aa juu, ukagonga ikalia kama kigae, kumbe chini ni mbichi. Ukiisaga utaona unga wake unashikana kama uji mzito badala ya kupeperuka. Hiyo mbichi ya chini ndiyo inayoachia siku ya nne, na ndiyo inayoamsha mzio. Chagua kampuni moja yenye taa yake, hata kama utabaki na rangi 20 badala ya 90.

Kuunguza nako si jambo la kuvumiliwa. Jeli inapokauka inazalisha joto. Ukipaka nene, au kucha ya mteja ikiwa nyembamba, joto linafika kwenye nyama. Paka tabaka nyembamba, na mteja akisema inaunguza atoe mkono papo hapo, apumzike sekunde kadhaa, arudishe. Na kama kila wa pili anaungua, jiulize nani amezifanya kucha zao ziwe nyembamba hivyo.

SubiraNjema

Mimi si fundi, ni mteja, lakini naomba niseme kwa niaba ya wale 51.

Kuna saluni nilikuwa napenda, dada mkarimu, mahali pasafi. Siku moja nilikwenda kubadilisha rangi. Akaingiza kijiti chini ya jeli ya kidole cha kati akainyanyua. Nilisikia mlio mdogo, *tak*, na jeli ikatoka nzima. Nilipoigeuza upande wa chini ulikuwa na utando mweupe. Ilikuwa kucha yangu. Kumi zote zilitoka hivyo. Alinipaka rangi nzuri ya damu ya mzee juu yake, nikalipa, nikamshukuru.

Usiku ule nikiosha vyombo maji ya vuguvugu yaliniuma kama nimeshika kaa la moto. Ikachukua miezi mingi. Nilikuwa naona mstari unavyosogea taratibu: juu nyembamba yenye mabaka meupe, chini kucha yangu inayokuja. Sikumrudia, na sikumwambia kwa nini. Nikikutana naye namsalimia vizuri tu, kama hao wa kwako. Wateja hatugombani na fundi, tunahama.

NuruYaMikono

SubiraNjema, nimesoma haya nikanyamaza kabisa. Huo utando mweupe naujua. Nilikuwa nadhani ni beskoti.

MezaYaKucha

Ni kucha, mdogo wangu. Sasa hapo ndipo penye hesabu ya biashara yako.

Kucha ni tabaka za keratini, protini ngumu, zilizobanana, unene wake kama nusu milimita. Sehemu tunayoipaka rangi haina uhai, kwa hiyo ulichokisaga au kukibandua hakiponi, kinasubiri kukua kitoke. Kucha ya mkono inakua takriban milimita 3 kwa mwezi, na kuanzia mzizi mpaka ncha ni kama miezi sita. Ya mguu ni mwaka na zaidi. Maana yake kosa la dakika tano, mteja analitazama mkononi nusu mwaka. Hata ukishusha bei mpaka nusu, hilo halifuti.

Faili namba 100 itupe kabisa kwa kucha ya asili, hiyo ni ya kufupishia akriliki. Tumia 240, iliyo laini zaidi, na kwa mkono mwepesi, kazi yake ni kuondoa mng'ao tu. Ukiona unga mwingi mezani, umepitiliza.

Ngozi ya kwenye mzizi acha kuikata. Ile ni muhuri unaozuia uchafu na vijidudu kuingia pale kucha inapotengenezwa. Kinachofanya jeli iachie mara nyingi ni utando mwembamba uliokufa, mkavu, unaotambaa juu ya kucha kutoka kwenye ngozi ile. Hauonekani mpaka uinamishe kidole cha mteja kwenye mwanga. Ulainishe kwa dawa ya kuondolea, sukuma ngozi hai taratibu, kisha kwangua utando huo mpaka kucha iwe tupu. Mimi hapo peke yake natumia dakika 10 hadi 15, ndiyo maana sikushangaa kusikia 35 zako. Wepesi wako umeukopa kwenye maandalizi.

Kuondoa: saga topkoti tu, weka pamba yenye asetoni, funga kwa foili, dakika 10 hadi 15. Jeli ikigoma, funga tena. Ikishalegea inasukumika kama ganda la yai lililochemshwa. Ukilazimika kutumia nguvu, haijaiva. Mwisho osha, paka mafuta. Na kazi hii itoze kama huduma kamili, maana tukiifanya bure tunaifanya kwa haraka.

Muuguzi_Bi

Naongeza upande wa afya kwa ufupi. Kile kiboksi cha mwanga wa zambarau ambacho saluni nyingi huwekea vikoleo hakiui vijidudu vyote. Vifaa vya chuma sugua kwanza kwa brashi, maji na sabuni, kisha otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke: nyuzi 121 kwa dakika 15. Faili, bafa na vijiti ni vya mteja mmoja, mpe aende navyo.

Ukiondoa jeli ukakuta kijani chini yake, wengi husema fangasi. Mara nyingi ni bakteria, Pseudomonas, wanaopenda unyevu ulionasa pale jeli ilipoachia. Usifunike kwa rangi, mwache akauke na amwone daktari. Mteja mwenye kisukari usimkate wala kumkwangua miguu kwa wembe, kidonda kidogo kwake ni safari ndefu. Na ukiona mstari mweusi au wa kahawia kwenye kucha moja tu, unaopanuka au rangi yake kumwagikia ngozi ya pembeni, mwambie kwa upole aende hospitali. Inaweza kuwa saratani ya ngozi, na wewe ndiye unayeziona kucha zile kwa karibu kuliko mtu yeyote.

Mpambanaji_M

Nimejifunza, nafuta ushauri wangu wa kwanza. Swali: ni kweli kucha zinahitaji kupumua, uache jeli mwezi mzima? Na vidonge vya bayotini, ile vitamini ya kucha na nywele, vinasaidia?

Muuguzi_Bi

Hazipumui, chakula chake kinaletwa na damu kutoka chini. Kupumzika kunasaidia kama zimeharibika, ili zikue bila kusagwa tena. Bayotini ushahidi wake ni mdogo kwa mtu asiyepungukiwa. Anayetumia dozi kubwa amwambie daktari kabla ya kupimwa damu, inaweza kupotosha baadhi ya majibu, hata ya moyo na tezi ya shingo. Glavu wakati wa kuosha vyombo na mafuta kila usiku vina faida zaidi.

NuruYaMikono

Narudi baada ya wiki nne.

Kipimo kimeonyesha mzio wa HEMA. Nililia ofisini kwa daktari, sifichi. Amenieleza nisikimbilie makopo yaliyoandikwa hayana HEMA, kwa sababu mengi yana ndugu zake na mwili unaweza kuwakataa nao. Kwa sasa jeli anafanya binti, glavu mikononi, dirisha wazi, taa na jeli za kampuni moja. Mimi nimebaki na maandalizi, manikyua na pedikyua. Dakika 35 zimekuwa 75, na bei sikushusha.

Niliwapigia wateja wangu wa zamani, nikawauliza moja kwa moja zilikaa siku ngapi na zilitokaje. Tisa waliniambia ukweli. Nikawaomba radhi. Wanne wamerudi, na mteja anayebanduka kidole ndani ya siku saba namrekebishia bure, naandika kwenye kadi yake ni kidole gani. Nimeona ni gumba karibu kila mara. Kumbe wakati wanaingiza vidole vinne kwenye taa gumba linakaa kiubavu. Sasa tunalikausha peke yake.

Swali la mwisho. Mmoja wa hao wanne kucha zake bado ni nyembamba, ukizibonyeza zinapinda. Ana safari wiki ijayo, anataka jeli na yuko tayari kulipa zaidi. Namkataliaje nisimpoteze mara ya pili?

MezaYaKucha

Mwonyeshe. Mshike kidole kwenye mwanga, mbonyeze kidogo aone inavyopinda, umwonyeshe na mstari wa kucha nzima inayotoka kwenye mzizi. Zikate fupi, zilainishe ncha, mpake rangi ya kawaida isiyohitaji taa, mpe kichupa cha mafuta aende nacho safarini. Kisha mwandike tarehe ya wiki mbili mbele kabla hajanyanyuka kitini. Mstari utakuwa umesogea kama milimita moja na nusu, mtautazama pamoja.

NuruYaMikono

Amekubali. Nimemwandika Jumanne, saa nne asubuhi.