Bati limepasuka pale fremu ya nyuma inaposhikia, nichomelee au?

dereva_njiro: Wakuu habari za jioni, naomba ushauri wa haraka. Nina sedani ya Mjerumani ya 2001, gia za mkono, nilikuwa nasikia "gong" nyuma kila nikiachia klachi nikajua ni bushi (zile raba) za difu, lile boksi la gia la nyuma linalozungusha magurudumu, juzi nikapeleka gereji hapa Unga Limited fundi akapandisha juu akaniita nione. Ile fremu inayobeba difu, pale inaposhikia kwenye bodi upande wa kushoto, bati lina ufa urefu wa kidole. Anasema anapiga welding hapohapo bila kushusha kitu, laki na nusu. Ni salama? Jibuni leo maana Jumamosi nina mambo.

spana13: Usikubali. Hilo bati ni jembamba, kama milimita moja tu, ukikanyaga mafuta na kuachia difu inalivuta mbele na nyuma miaka yote hiyo mpaka zile nukta za welding ya kiwandani zinaanza kuachia. Akikupigia welding ya vijiti, ile ya kawaida ya umeme, atalitoboa. Fremu ishuke yote na difu lake, tangi la mafuta lishuke maana liko jirani kabisa na moto, betri ichomolewe, zulia la buti litoke, rangi ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Mwisho wa ufa unatoboa kitundu usiendelee kukimbia, unachomelea kwa CO2 (welding ya waya na gesi), halafu unavika pleti ya milimita mbili au tatu sehemu zote nne, sio iliyopasuka tu. Na bushi mpya. Sio kazi ya nusu siku.

mama_kelvin_sakina: Baba Kelvin alikuwa na gari kama hilo, mshahara wote gereji, nikamwambia uza tununue ng'ombe wa maziwa. Akauza. Ng'ombe akafa 😂

babu_wa_pasua: Vijana mnapenda sifa. Moshi mpaka Arusha kilomita kama 80 na matuta yote yale, utapita na Mjerumani? Mimi nina pikapu yangu ya Kijapani toka 1994.

spana13: Mleta uzi, Jumamosi kuna nini?

dereva_njiro: Kuna mtu anakuja kuchukua gari.

spana13: Anakodi au ananunua?

dereva_njiro: Ananunua mkuu. Ameshatoa advansi milioni tatu, na hela yenyewe nimeshalipia ada. Ni mwalimu wa mwanangu. Ila msinihukumu, aliendesha mwenyewe mpaka Tengeru na kurudi akaridhika, sasa kosa langu ni lipi? Sio kwamba namficha, nitamwambia akishalizoea.

mtumishi2: Akishalizoea!! Ndugu yangu, huyo anakufundishia mtoto.

kinyozi_kijenge: Weka picha ya huo ufa tuone.

dereva_njiro: [picha]

kinyozi_kijenge: Jamani kuzeni hiyo picha. Mlangoni nyuma ya fundi kuna theluji. Theluji Unga Limited? Hata ile ya Kilimanjaro yenyewe tunaihesabia siku. Hii ni chai, na tangawizi haina.

mama_kelvin_sakina: Na mimi nilishaanza kumhurumia mwalimu wa watu 😂😂

dereva_njiro: Sio chai. Picha ni ya mfano, nimeitoa mtandaoni. Langu siwezi kupiga, fundi ameshapaka ile rangi nyeusi ya chini, ufa hauonekani.

spana13: Ameshapaka? Si ulikuwa unauliza kama achomelee?

dereva_njiro: Alichomelea jana. Nilitaka tu kujua itashika muda gani.

spana13: Vijiti au CO2?

dereva_njiro: Vijiti.

spana13: Basi una ufa na matobo, na rangi juu. Pembeni ya hiyo welding ndipo litapasuka tena, na safari hii hata kuliona itakuwa kazi. Kwangua rangi, mpigie mwalimu aje aone kwa macho yake kabla ya Jumamosi, bei ishuke au umrudishie chake.

dereva_njiro: Kumrudishia na nini mkuu, nimesema nimelipa ada.

mtumishi2: Mpigie tu.

dereva_njiro: Nimepiga, inaita haipokelewi. Kanitumia meseji sasa hivi, anauliza mtungi wa kuzimia moto unabaki kwenye gari au anunue wa kwake. Sijajibu.

babu_wa_pasua: Huyo mwalimu mwambieni pikapu ipo, tunaongea.