Tupeane uzoefu: Mjapani na Kiingereza cha kila siku, nahau zinaingiaje kichwani?

Mleta mada (Nagoya)

Wakuu, salaam. Nilikuja Japani kusoma shahada ya pili kwa ufadhili wa ABE, ule mpango wa Japani wa kusomesha vijana wa Afrika uliotangazwa kwenye TICAD, mkutano wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, uliofanyika Yokohama mwaka 2013, na sasa nimeajiriwa huku. Kuna mwenzangu wa kazini, Mjapani, kaniomba nimsaidie Kiingereza wakati wa chakula cha mchana. Najua humu wapo wanaowafundisha Wajapani na wanaofanya nao biashara, ndiyo maana nimeileta hapa.

Huyu bwana si mvivu hata kidogo. Mfukoni anatembea na kadi ndogo zilizotungwa kwenye pete, mbele Kiingereza, nyuma Kijapani, na kwenye treni anazipindua moja moja mpaka kituo. Mtihani wa TOEIC, wa kupima Kiingereza cha kazini, ambao kampuni nyingi huku zinauangalia, anaufaulu vizuri. Ila ule wa kawaida ni maswali 200 ya kusikiliza na kusoma kwa saa mbili, alama ya juu 990, na hakuna mahali unapofungua mdomo. Kwa hiyo "tolerate" analijua, "postpone" analijua. Juzi Mfilipino wetu wa stoo kamwambia "We had to put it off", akabaki anamtazama. "Put" kaisoma tangu mtoto, na "off" vilevile. Zikishikana zinakuwa kitu kingine ambacho hakipo kwenye kadi zake.

Nilichofanya ni kuacha kumpa orodha. Tunachukua jambo moja lililotokea siku hiyo kazini, tunalisema upya kwa maneno mepesi. Mkutano umesogezwa: "It was put off." Mashine imegoma: "It broke down." Maboksi yameisha: "We ran out of boxes." Kesho yake yeye ndiye anayenisimulia, na kwenye kadi sasa anaandika sentensi nzima iliyosemwa kweli, na jina la aliyeisema. Anakumbuka zaidi, tena anathubutu kuongea. Karibuni muongeze yenu.

Dalali wa magari (Yokohama)

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nashughulika na magari yaliyotumika yanayokwenda Mombasa na Dar. Watu wanadhani Mjapani hana msamiati wa Kiingereza. Anao tele, umo ndani ya Kijapani chenyewe, ila umebadilika sura na maana. Kwenye gari peke yake: usukani ni "handoru", kioo cha mbele "furonto garasu", honi "kurakushon". Tairi likitoboka ni "panku", na sisi tunasema pancha, maji ya mto mmoja hayo. Lakini akimwandikia mteja kwamba "handle" ina shida, mteja anakwenda kukagua mlango.

Neno la kuogopa ni "claim". Kwa Kijapani "kureemu" ni malalamiko ya mteja, basi. Kuna karani alimwandikia mteja wa Mombasa "We received your claim", mteja akaja juu: nimeuliza tu kioo kilipasuka lini, nani kasema nadai fidia? Ilibidi nipige simu nikamtuliza kwa Kiswahili. Tangu hapo karani ana daftari la safu tatu: neno Mjapani anavyolitumia, anavyosema mwenye Kiingereza chake, na sentensi ya mfano. Humo kuna "konsento" (soketi ya umeme), "manshon" (fleti ya kwenye jengo la ghorofa), "kanningu" (kuibia mtihani) na "sumaato", yaani mwembamba. Hilo la mwisho mfundishe mapema. Akimwambia mtu "You became smart", yeye anasifia mwili uliopungua, mwenzake anajiuliza kwani zamani nilikuwa mjinga?

Mwanafunzi wa Osaka

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni Mjapani mwenyewe. Nilisoma Kiswahili chuo kikuu Osaka, kisha nikajitolea kufundisha hesabu kwenye sekondari moja mkoani huko Tanzania. Kiingereza changu cha mazungumzo nilikipatia kwenye ofisi ya walimu, kwa kupitia Kiswahili.

Nahau ambazo kwetu zipo hazisumbui. "Kill two birds with one stone" tunayo: isseki nichō, jiwe moja ndege wawili. "When in Rome" tunayo pia, ukiingia kijijini fuata ya kijiji, na walimu wakanipa ya kwenu: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hiyo ni kali kuliko zote, sitaisahau. Zinazosumbua ni zile fupi za kila siku, "I'm all ears" (nakusikiliza kwa makini), "I'm under the weather". Kwa hizo sikuwa nauliza maana. Nilimuuliza mwalimu wa Kiingereza: katika hali hii hii, wewe ungesemaje kwa Kiswahili? Akijibu "leo sijisikii vizuri, lakini si cha kwenda hospitali", hapo nimepata na uzito wake, najua naweza kumwambia hata mkuu wa shule bila kumtia wasiwasi.

Jambo jingine halimo kwenye vitabu vya nahau lakini linavuruga sana mazungumzo. Kijapani ukiulizwa "Hujala?" na kweli hujala, unajibu "hai", ndiyo. Kiswahili hivyo hivyo: "Ndiyo, sijala." Nilipogundua hilo nilifurahi mno, nikajua tatizo si akili yetu. Kiingereza kinataka "No". Dawa niliyopewa: sahau swali, tazama ukweli. Umekula, "yes". Hujala, "no", hata swali lije limepinda vipi. Na mtu akikuuliza "Do you mind if I sit here?", yaani utaudhika nikikaa hapa, jibu "Go ahead", umeepuka yes na no kwa pamoja.

Mwalimu wa video (Nairobi)

Dada wa Osaka, asante sana. Mimi hufundisha Wajapani kwa video, saa nane mchana kwangu ni saa mbili usiku kwao. Wengi ni watu wazima, walimaliza shule zamani kabla Kiingereza hakijawa somo rasmi la darasa la tano na la sita mwaka 2020. Ukiuliza "How are you?" jibu linatoka lenyewe: "I'm fine, thank you. And you?" Nawaambia hata sisi darasa la kwanza tulisimama wima tukamjibu mwalimu karibu vivyo hivyo, na wanatulia. Kisha nawapa tatu: "Can't complain" ya siku ya kawaida, "Hanging in there" ya siku ya kubanwa, "Couldn't be better" ya siku njema. Kila somo mtu achague iliyo kweli na aseme kwa nini. Hapo ndipo mazungumzo huanzia.

Angalia pia ile "hai, hai" na kutikisa kichwa. Maana yake anakusikiliza, si lazima ameelewa. Usimuulize kama ameelewa, mwambie akusimulie. Na akinyamaza, mwache. Sisi tuna haraka ya kujaza kimya, na hapo tunamnyang'anya sentensi aliyokuwa anaiunda. Nina nesi mstaafu ambaye nilimfundisha "It slipped my mind", yaani nilisahau. Akaiandika, ikapita. Muda mrefu baadaye akaingia darasani amechelewa, akavuta pumzi: "Sorry. It slipped my mind." Nilipiga makofi.

Mleta mada (Nagoya)

Nimewasoma wote, asanteni. Ya "smart" nimemwambia leo hii hii. Dada, na kutamka L na R je?

Mwanafunzi wa Osaka

R ya Kijapani iko karibu na ya Kiswahili, ulimi unagonga mara moja. Kwangu "kura" ilikuwa rahisi, "kula" ndiyo kazi. Kwa L ulimi ubaki umegusa nyuma ya meno. R ya Kiingereza ulimi haugusi popote. Mpe sentensi za kazini kwake, "The lid is red", asiseme neno moja moja. Tena NHK, shirika la utangazaji la Japani, wana masomo ya Kiingereza redioni tangu 1925, na vipindi vingi vya sasa ni vya dakika 15. Aseme sambamba na mtangazaji, kwa sauti, akitembea kwenda stesheni. Ndani ya treni huku watu hawaongei.