Mtambo wa majitaka wa miji mitatu kwa ubia: malipo yakae vipi?

Mfereji01
Wakuu, habari za kazi. Kuna mabwawa yanayotibu majitaka ya miji mitatu, mita za ujazo 12,000 kwa siku, na yamezidiwa. Mpango ni kujenga mtambo wa tope hai (vijidudu hula uchafu huku vikipuliziwa hewa) wa mita za ujazo 30,000 kwa siku kwa ubia na sekta binafsi, miaka 20. Rasimu ya mkataba inasema mwekezaji atalipwa kwa kila mita ya ujazo atakayotibu, basi. Nani abebe hasara majitaka yakija machache, au makali kuliko yalivyopimwa?

FundiTope
Malipo ya ujazo peke yake yataumiza pande zote mbili. Mwekezaji ana mkopo wa kurejesha hata majitaka yasipofika, kwa hiyo hofu hiyo ataitia kwenye bei. Mvua ikinyesha nayo huingia kwenye chemba, mita inakimbia, na mamlaka ya maji inalipia kutibu maji ya mvua.

Tenganisheni. Mtaji ulipwe kiwango kisichobadilika, ilimradi mtambo uko tayari na maji yanayotoka yanakidhi viwango. Mishahara na matengenezo vivyo hivyo. Ujazo ubaki sehemu ndogo, ya kufidia kemikali na kubeba tope. Umeme usimame peke yake: mwekezaji aahidi uniti ngapi kwa mita ya ujazo, mamlaka ibebe bei ya uniti, akizidisha matumizi alipe yeye. Mitambo ya aina hii hula kama uniti 0.3 hadi 0.6, na nusu au zaidi huishia kwenye vipuliza hewa.

Kuhusu ukali, anzeni na watu. Mtu mmoja huhesabiwa gramu 60 za BOD (kipimo cha uchafu unaooza, kwa oksijeni ambayo vijidudu huitumia kuuozesha) kwa siku. Tuseme watu ni 200,000: ni kilo 12,000. Kwa mita za ujazo 30,000 hiyo ni miligramu 400 kwa lita. Lakini wanaohesabika ni waliounganishwa kwenye bomba. Wakiwa 90,000, mzigo ni kilo 5,400 tu, na mmejenga mtambo zaidi ya mara mbili ya unaohitajika. Kwa hiyo jengeni njia mbili za kutibu, kila moja ya mita za ujazo 15,000, ya pili ianze mzigo uliopimwa ukifika asilimia 80 ya njia ya kwanza.

Na tafadhali, msipime kwa ndoo moja iliyochotwa asubuhi. Chukueni sampuli za saa 24, zichanganywe kulingana na mtiririko, kiangazi na masika. Mkataba uandike kiwango cha chini na cha juu cha mzigo. Mzigo ukivuka hapo, mwekezaji asitozwe faini. Magari ya kunyonya vyoo yawe na kituo chake cha kupokelea, kwa sababu gari moja linaweza kuwa kali mara nyingi kuliko majitaka ya bomba.

MizaniYaUbia
Naunga mkono. Kwenye fedha, angalieni mfumo wa India kwenye mto Ganges: serikali hulipa asilimia 40 ya mtaji wakati wa ujenzi kwa hatua zilizokamilika, na asilimia 60 kwa awamu ndani ya miaka 15 ya uendeshaji. Riba inapungua, na mjenzi hawezi kukabidhi kitu kibovu akaondoka. Mtambo wa majitaka wa As-Samra huko Jordan ulipanuliwa kwa ruzuku ikichanganywa na mkopo wa mwekezaji.

Makusanyo ya ankara yapitie kwanza akaunti maalumu yenye akiba ya malipo ya miezi kadhaa. Benki huuliza hilo kabla hata ya kutazama michoro. Na mabomba ya mitaani yawe na ratiba inayofungamana na mtambo, la sivyo mtaanza kulipia mtaji huku mtambo ukisubiri majitaka.

Mfereji01
Shukrani sana. Tope rasimu haijaligusa kabisa. Ni la nani?

FundiTope
Hapo ndipo mikataba mingi huchanika, mkuu. Kilo 12,000 za BOD huzaa takriban kilo 9,600 za tope kavu kwa siku kama halichachushwi (kuozeshwa kwanza ili lipungue). Likikamuliwa hadi ukavu wa asilimia 20 ni tani 48, yaani malori matano ya tani kumi kila siku. Dampo likigoma, tope linarudi kujaa kwenye matangi, linapanda juu ya matangi ya kutuamisha na kutoka na maji safi mtoni. Andikeni kabla ya kusaini: eneo la kumwaga litatolewa na mamlaka, kufikisha tope kwenye ukavu wa chini unaokubalika ni jukumu la mwekezaji, na kila lori lipite kwenye mizani getini.