Ushauri: dhoruba ya kwanza ya msimu inaingia Ijumaa na natakiwa kuvuka mlima. Niende au niahirishe?

Mgeni wa Baridi:

Wakuu, salaam. Naomba mawazo yenu haraka maana leo ni Jumatano.

Huu ni msimu wangu wa kwanza kuendesha gari nchi ya baridi. Ijumaa nikitoka kazini nina safari ya kilomita 210 na mke wangu na mtoto wa miaka miwili, tunakwenda kwa dada yangu upande wa pili wa mlima. Barabara inapanda mpaka kama mita 1,900 ndipo inashuka. Sasa watabiri wa hali ya hewa wametoa tahadhari: mvua kubwa bondeni, theluji kuanzia mita 1,500 kwenda juu, na usiku theluji itashuka mpaka mita 900. Hapa nilipo leo nimeshinda na fulana, jua linawaka. Ndiyo maana akili inagoma kuamini.

Gari ni dogo, linavutwa na matairi ya mbele. Matairi ni ya kawaida ila mapya kabisa. Minyororo nimenunua, iko kwenye buti, sijaifungua hata boksi. Mke anasema tuahirishe. Mimi naona theluji ya mwanzo wa msimu haiwezi kuwa ya kutisha kivile. Nani yuko sahihi? Natanguliza shukrani.

Dereva wa Semi:

Mkeo.

Mgeni wa Baridi:

Mkuu, fafanua basi 😅

Dereva wa Semi:

Haya. Nimepeleka mizigo milimani misimu kumi na moja, na dhoruba ninayoiogopa kuliko zote ni hiyo ya kwanza. Ya Januari inakuta watu wamejiandaa: matairi yamebadilishwa, magari ya kukwangua theluji yako kazini, madereva wamekumbuka kukanyaga breki na mafuta taratibu. Ya kwanza inakuta kila mtu na tabia za kiangazi. Lami imekaa wiki nyingi bila mvua, imejaa mafuta na vumbi, na matone ya mwanzo yanaigeuza sabuni. Ongeza majani yaliyodondoka, yakilowa yanateleza, na yanaziba mitaro hivyo maji yanatuama barabarani.

Halafu lami bado ina joto. Theluji ya kwanza inayeyuka ikigusa chini, unajiambia "mbona kawaida tu". Jua likizama yale maji yanaganda, na unapita juu ya barafu ambayo kwa macho ni lami iliyolowa. Barafu iliyo karibu na nyuzi 0 ndiyo inayoteleza zaidi, kuliko ile ya baridi kali, kwa sababu juu yake kuna utando wa maji. Wewe unataka kupita hapo Ijumaa usiku, na gari la matairi ya kiangazi. Ndiyo maana nimesema mkeo.

Kifaru Mweupe:

Msimtishe kijana. Mimi mwaka wa kwanza nilivuka na matairi ya kawaida, gia namba mbili, taratibu, nikafika. Hofu ndiyo inayoua watu barabarani.

Dada Theluji:

Kifaru, ulifika kwa bahati. Kaka, hiyo "mapya kabisa" isikudanganye. Raba ya tairi la kawaida inaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi kama 7, hata kama barabara ni kavu. Angalia ubavuni mwa tairi: kama huoni alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, hilo si tairi la baridi. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake haitoshi. Mimi niko Sweden, huku ni sheria kuwa na matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara zikiwa na theluji au barafu. Tatizo ni kwamba dhoruba haisomi kalenda.

Na kuhusu theluji ya mapema kutokuwa ya kutisha: Oktoba 2006 ilipiga Buffalo, Marekani, miti ikiwa bado na majani. Theluji nzito ya maji ilikaa juu ya majani, matawi yakakatika na kulalia nyaya za umeme. Oktoba 2011 ikajirudia kaskazini mashariki mwa nchi hiyohiyo, wateja zaidi ya milioni 3 wakakosa umeme. Kwa hiyo hata ukifika kwa dada yako salama, unaweza kukuta giza, na mti umelala barabarani njiani.

Mama Wawili:

Mdogo wangu, mimi naongelea mtoto. Usimfunge kwenye kiti chake akiwa na lile koti nene la kuvimba. Gari likigonga, koti linabonyea na mkanda unabaki umelegea. Mvalishe nguo nyepesi za kubana joto, kaza mkanda, kisha mfunike blanketi kwa juu.

Mkikwama, msishuke kutembea kwenye theluji. Kaeni ndani. Washa injini kama dakika 10 kila saa, lakini kwanza shuka ukazibue theluji kwenye bomba la moshi, maana likiziba ile hewa ya sumu inarudi ndani na haina harufu. Fungua dirisha kidogo upande usio na upepo. Simu ichajiwe kabla, baridi inamaliza betri upesi.

Fundi Gereji:

Naomba kitu kimoja tu. Leo hii, kabla giza halijaingia, toa hiyo minyororo kwenye boksi uifunge. Usisubiri ukafanye ukiwa pembeni ya barabara na vidole vimekufa ganzi. Kwako inakaa mbele, kwenye matairi yanayovuta. Ukishaifunga tembea mita chache, simama, kaza tena. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa, na ukifika lami tupu ivue.

Kifaru Mweupe:

Sasa si anunue tu gari linalovuta matairi yote manne yaishe?

Fundi Gereji:

Hilo linakusaidia kuondoka. Kusimama magari yote yanasimama kwa matairi. Yale makubwa ya kuvuta nne ndiyo ninayoyavuta mtaroni kila mwaka, maana mwenye nalo anajiona mfalme mpaka afike kwenye kona.

Dereva wa Semi:

Watu wanasahau mvua. Huko bondeni usipite penye maji yanayokwenda mbio. Maji ya kimo cha sentimita 30 yanaweza kuelesha gari dogo kama lako, ya 60 yanabeba hata pikapu. Usiku hujui kama lami bado ipo chini yake.

Kingine, ramani ya simu. Barabara kuu ikifungwa itakutafutia njia ya mkato, na mkato wenyewe ni kibarabara cha msituni ambacho hakuna gari la kukwangua linalopita. Ukiambiwa njia imefungwa, geuza. Na madaraja yanaganda kabla ya barabara kwa sababu baridi inayapiga juu na chini.

Mgeni wa Baridi (mrejesho, Jumapili usiku):

Wakuu, nimerudi. Jumatano ileile nilishuka kwenye maegesho na boksi langu. Nimepiga magoti chini, nimevuta mnyororo kwenye tairi, haufiki. Nimevuta tena, haufiki, pengo la kama kiganja. Nikasoma saizi ya tairi kwenye boksi: 175/65 R14. Tairi langu: 205/55 R16. Muuzaji aliniambia "hii inaingia gari zote ndogo". Kesho yake nikabadilishiwa, nikafunga mara tatu. Mara ya kwanza dakika 40, ya tatu dakika 12, na mke ameshika tochi akinihesabia.

Ijumaa hatukwenda. Barabara ilifungwa saa tatu usiku, muda ambao kwa hesabu zangu tungekuwa kule juu kabisa. Hapa kwetu ilinyesha mvua tu usiku kucha.

Tumeondoka leo saa tano asubuhi, barabara imeshakwanguliwa na kumwagwa chumvi, sikuhitaji minyororo. Lakini kuna daraja moja kwenye kivuli cha mlima, lami nyeusi kabisa, hakuna theluji hata chembe. Nilikuwa kilomita 40 kwa saa, usukani ukawa mwepesi ghafla kama umekatika. Nikaondoa mguu kwenye mafuta, breki sikugusa, sekunde mbili tatu gari likashika tena. Hakuna aliyeongea mpaka tumefika.

Mke amesoma uzi wote. Jibu la kwanza la Dereva wa Semi amelipiga picha akalihifadhi.

Swali la mwisho: matairi ya baridi nimeshaagiza. Haya ya kiangazi nayaweka wapi, na mimi nakaa ghorofa ya nne?

Fundi Gereji:

Gereji nyingi zinahifadhi kwa malipo ya msimu, ulizia hapohapo wanapokufungia. Ukikaa nayo ndani, yaoshe kwanza, yaweke sehemu kavu yenye giza, na uandike kwa chaki lipi lilikuwa mbele kushoto. Balkoni hapana, jua linachosha raba.